Bendi Zinazojiharibia Makusudi

Siku hizi ukinitajia bendi mpya ya magitaa, sikuulizi inafanana na nani. Nakuuliza albamu yao ya pili ikoje. Ya kwanza huandikwa na watu wasio na cha kupoteza. Ya pili huandikwa na watu ambao tayari wameshaambiwa na magazeti na mashabiki kwamba wao ni akina nani, na hapo ndipo ninapotega sikio. Nikiangalia niliyoyasikiliza tangu mwaka 2021 hivi, karibu kila kilichonikaa moyoni kimetoka kwa watu waliothubutu kukitupa kilekile kilichowapa jina.

Nianze na Black Country, New Road, maana wao ndio walionitia wazo hili kichwani. Waingereza hawa walitoa For the First Time mwaka 2021, na Februari 2022 wakatoa Ants From Up There, ambayo kwangu bado ni moja ya albamu kubwa za muongo huu. Siku nne tu kabla haijatoka, mwimbaji wao Isaac Wood alitangaza kwamba anajitoa. Alieleza kuwa huzuni na hofu vilikuwa vimemfikisha mahali ambapo kupiga gitaa na kuimba kwa pamoja kumekuwa kugumu. Basi, albamu ikatoka, ikasifiwa kila kona, na aliyeibeba kwa sauti yake ile ya kutetemeka hayupo.

Wengine wangemtafuta mtu anayetetemeka vilevile. Wao waliziweka kando nyimbo zote za albamu mbili, wakaandika nyingine haraka, wakaingia ziarani na nyimbo ambazo hakuna shabiki aliyekuwa anazijua. Desemba mwaka huohuo wakazirekodi mbele ya watu katika ukumbi wa Bush Hall, London. Katika rekodi ile kuna sehemu wanaimba kwa pamoja kuhusu walichokijenga na urafiki wao wa kudumu, na kila nikiisikia najiuliza kama wanajipongeza au wanajifariji. Nadhani ni vyote viwili.

Kisha Aprili 2025 ikaja Forever Howlong. Hapa sauti zimeshikwa na wanawake watatu, Tyler Hyde, Georgia Ellery na May Kershaw, kila mmoja na nyimbo zake. Wimbo uliobeba jina la albamu umesindikizwa na kundi la filimbi za kupuliza, zile ambazo watoto wengi huanzia muziki. Nakiri haikunigusa kama Ants From Up There. Kuna mahali nimechoka na utamu wake, mahali pengine hadithi ya wimbo ni ndefu kuliko tuni inavyoweza kuibeba. Lakini naiheshimu mno. Haimwigi mtu aliyeondoka wala haiombi radhi kwamba ameondoka.

Geese ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo bendi ninayoisikiliza zaidi kwa sasa. Ni vijana wa Brooklyn, New York. Projector, ya mwaka 2021, waliifanya wakiwa bado wanafunzi wa sekondari: magitaa makavu, midundo ya wasiwasi, kila kitu pale panapotakiwa. Ni nzuri, ila ungeweza kuisikia ukadhani ni bendi nyingine tano. Mwaka 2023 wakaja na 3D Country, na ghafla mwimbaji wao Cameron Winter anaunguruma, analia, anacheka, juu ya muziki unaonuka vumbi la roki ya zamani ya Marekani. Waliokuja kwa ajili ya Projector walibaki wameshika vichwa.

Septemba 2025 wakatoa Getting Killed, wakiwa na prodyuza Kenneth Blume, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Kenny Beats kutokana na kazi zake za hip hop. Uamuzi huo unasikika. Ngoma za Max Bassin, mpiga ngoma wao, zimewekwa mbele, karibu na uso wako, na magitaa yanaingia na kutoka kama wageni wasiojua watakaa wapi. Wimbo wa kwanza, Trinidad, unakwenda polepole, kilevilevi, kisha Winter anapayuka kwamba kuna bomu ndani ya gari lake. Mara ya kwanza nilicheka. Baada ya kuusikia mara kadhaa sikucheka tena.

Kinachonivutia kwao ni sauti ya Winter, na najua ndiyo hasa inayowafukuza wengine. Anavuta maneno mpaka yanapoteza umbo, anaingia kwenye noti kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ametoa albamu yake binafsi, Heavy Metal, Desemba 2024, ambayo licha ya jina lake ni ya kinanda na huzuni, na nahisi kule ndiko alikojifunza kwamba sauti mbovu kidogo, ikiachwa peke yake, husema zaidi ya sauti safi. Rafiki yangu mmoja ananiambia huyu anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sawa, na mimi ndicho ninachokipenda.

Nitaje na ninachokichoka. Kuna wakati, kuanzia 2019 mpaka 2022 hivi, ilikuwa kila bendi ya Uingereza na Ireland iliyosifiwa ina mtu anayeongea badala ya kuimba. Gitaa linakwaruza, besi inakimbia, na jamaa anakusomea orodha ya vitu vinavyomuudhi. Mwanzoni ilisisimua, kwa sababu ilirudisha maneno mbele baada ya miaka ya waimbaji kuzama kwenye mwangwi. Kisha ikawa sare ya shule. Aliyebaki salama machoni pangu ni Florence Shaw wa Dry Cleaning, tangu New Long Leg ya mwaka 2021. Huyu hahubiri. Anaokota vipande vya mazungumzo, anavipanga bila kukueleza vinahusianaje, na sauti yake haipandi hata magitaa yakiwaka moto nyuma yake. Wengi wao walikuwa na hasira, yeye alikuwa na sikio.

Fontaines D.C., bendi ya Dublin, Ireland, walilitambua hilo mapema. Dogrel, mwaka 2019, ilikuwa Dublin tupu, lafudhi na mitaa. Albamu tatu za kwanza walizifanya na prodyuza Dan Carey. Kwa ya nne, Romance ya mwaka 2024, wakaenda kwa James Ford, wakabadili mavazi, wakapaka nywele rangi, wakaweka sauti pana za viwanja vikubwa. Starburster, wimbo uliotangulia, ulizaliwa na shambulio la hofu lililompata mwimbaji wao Grian Chatten katika stesheni ya St Pancras, London, na kiitikio chake kinakatishwa na pumzi inayovutwa kwa nguvu, kama ya mtu anayeibuka majini. Pumzi ile moja ni wazo zuri kuliko albamu nzima za watu wengine. Lakini katikati ya Romance kuna nyimbo mbili tatu ambazo naziona zimepigwa pasi kupita kiasi, na nikifika hapo huwa naruka hadi Favourite, ule wa mwisho, ambao magitaa yake yanang'ara bila aibu. Kwa hiyo hata kujiharibia kuna kufaulu na kufeli. Kutupa ulichonacho hakukupi kingine moja kwa moja.

Black midi wao walikwenda mpaka mwisho. Albamu tatu, Schlagenheim, Cavalcade na Hellfire, kila moja imejaa kuliko iliyotangulia, kisha mwaka 2024 mwimbaji wao Geordie Greep akajulisha watu kwamba bendi imesimama. Miezi michache baadaye akatoa The New Sound, sehemu yake ikiwa imerekodiwa Brazili na wanamuziki wa huko, na wahusika wa nyimbo ni wanaume wanaojigamba hadi wanatia huruma. Sijui kama naipenda. Najua kwamba sijawahi kuisikiliza nikifanya kazi nyingine.

Kuna njia nyingine ya kukataa, ambayo haihusu sauti kabisa. Cindy Lee ni mradi wa Patrick Flegel wa Kanada, aliyekuwa katika bendi ya Women. Machi 2024 alitoa Diamond Jubilee, nyimbo 32, saa mbili, na hukuikuta kwenye majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki. Ilikuwa YouTube kama faili moja refu, na kwenye tovuti yenye sura ya intaneti ya zamani, ambako ungeweza kupakua na kuombwa mchango wa dola 30 za Kanada. Hakukuwa na kuruka wimbo kwa urahisi, wala orodha ya kukuchagulia kinachofuata. Muziki wenyewe unasikika kama redio ya mbali inayoshika vituo viwili kwa pamoja, na magitaa yake ni matamu kiasi cha kuudhi.

Niliisikiliza yote kwa mkupuo, kwa sababu ndivyo ilivyokaa, na nikagundua nilikuwa nimesahau kusikiliza hivyo. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi mrabaha wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Katikati ya mwaka 2025 bendi iitwayo The Velvet Sundown ilipata wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi kwenye jukwaa hilohilo, na ikajulikana kwamba ni kazi ya akili mnemba. Ilikuwa roki laini ya mtindo wa miaka ya sabini, isiyo na kosa hata moja. Nilizisikia nyimbo zake mbili na sikumbuki chochote. Ukiyaweka haya mawili pamoja unaelewa kwa nini mtu aamue kubaki nje ya mlango, ingawa si kila mtu anayeweza kumudu. Bendi changa isiyo na jina haina anasa ya Cindy Lee.

Sasa nijipinge mwenyewe, kwa sababu yupo mtu anayelivunja wazo langu lote. MJ Lenderman, kutoka Asheville, North Carolina, hajaharibu kitu. Manning Fireworks ya mwaka 2024 inatumia gitaa lilelile la kukoroma ambalo watu wamelipiga tangu miaka ya sabini, sauti ileile ya kukata tamaa kwa utani, ngoma za kawaida kabisa. Ukiniuliza kuna nini kipya, sina jibu upande wa muziki. Upya uko kwenye watu anaowaandika: wanaume wadogo, wenye majivuno, wanaochekesha mpaka ghafla hawachekeshi. Katika Wristwatch mmoja anajitapa kwa vitu vyake, na kati ya vitu hivyo kuna saa ya mkononi inayomwambia kwamba yuko peke yake. Mstari mmoja, na mtu mzima umeshamjua. Nimejaribu kumwita mhafidhina nikashindwa, kwa sababu kila nikiiweka albamu ile naimaliza.

Labda kinachonisumbua kwa bendi nyingi zinazorudisha magitaa mazito ya miaka ya tisini, yale yaliyofunikwa mwangwi hadi maneno hayasikiki, si kwamba zinarudia. Ni kwamba hazina wa kumwandika. Ukiondoa ule ukungu, hukuti mtu nyuma yake. Lenderman angeweza kuimba nyimbo zake bila ala na bado zingesimama.

Na jambo linalokaribia hilo limejaribiwa kweli, ila na mtu mwingine. Mdou Moctar wa Niger, ambaye gitaa lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe na nyaya za breki za baiskeli, alitoa Funeral for Justice Mei 2024. Anaimba Kitamasheki, lugha ya Watuareg, na albamu ni ghadhabu tupu dhidi ya Ufaransa na viongozi wa Afrika, gitaa likikimbia kana kwamba linafukuzwa. Mapinduzi ya Julai 2023 nchini kwao yaliikuta bendi ikiwa ziarani Marekani, mipaka ikafungwa, wasiweze kurudi. Wakiwa hukohuko wakazirekodi upya nyimbo zilezile kwa magitaa yasiyo na umeme, na mwaka 2025 zikatoka kwa jina la Tears of Injustice.

Nilitarajia toleo la pili liwe pambo la mashabiki. Siku hizi ndilo ninalolitanguliza. Katika la kwanza kasi yake inakubeba, unaitikia kwa kichwa kabla hujaelewa lolote. Katika la pili kasi imeondolewa, makofi na nyuzi zimebaki, na wimbo uliokuwa ngumi umegeuka malalamiko ya watu walioketi mbali na kwao, wasiojua watarudi lini. Ni nyimbo zilezile, lakini sijafanikiwa kuzisikiliza albamu hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine, bila moja kuifanya nyingine ionekane inadanganya.