Saa Nzima Baker Street

“Ukitoka Paddington shuka kituo cha pili, Baker Street, halafu fuata vibao vya zambarau. Usipotee, mwanangu.” Ndivyo shangazi yangu anayeishi Wembley, London, alivyonielekeza kwa simu. Kubadilisha treni pale ni suala la dakika tano. Nilikaa saa nzima.

Kilichonizuia ni dari. Ni tao moja la matofali linaloanzia ukuta huu na kutua ukuta wa pili, njia mbili za reli zikipita chini yake bila nguzo katikati. Kutani kuna vidaka virefu vilivyopanda kimshazari kuelekea juu, na ndani yake benchi. Niliketi katika kimoja, nikapitisha kiganja kwenye matofali. Yalikuwa ya baridi.

Hapa ndipo ilipopita reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani, ile iliyofunguliwa tarehe 10 Januari 1863 kutoka Paddington hadi Farringdon, karibu kilomita 6. Wakati ule hawakutoboa ardhi kama fuko. Walipasua barabara, wakachimba mtaro, wakajenga kuta na tao, kisha wakafukia na kuirudisha barabara juu. Mabehewa yalikuwa ya mbao, yenye taa za gesi, yakivutwa na vichwa vya mvuke. Vidaka nilivyokalia vilikuwa matundu ya kuingiza mwanga wa mchana na kutoa moshi. Siku hizi vina taa zinazoigiza mwanga ule, maana mwaka 1983 majukwaa haya mawili, namba 5 na 6, yalikarabatiwa yarudie sura yake ya zamani. Moshi wenyewe uliendelea mpaka umeme ulipoingia mwaka 1905. Miaka 42 watu walipanda treni hizo kila siku, wakikohoa.

Palepale nilimfikiria Charles Pearson, mwanasheria wa Jiji la London. Aliipigania reli hii miaka mingi, akitaka wafanyakazi waliobanana katika vyumba vibovu vya mjini waweze kuishi mbali na kuja kazini kwa nauli nafuu. Alifariki Septemba 1862. Haikutimia miezi minne, treni ikaanza kazi. Inaniuma kwamba hakuipanda hata mara moja.

Nikashuka kwa ngazi za umeme, na kadiri unavyoshuka ndivyo miaka inavyosogea karibu. Njia ya kahawia, Bakerloo, ilifika mwaka 1906, na jina lake ni Baker Street na Waterloo yaliyounganishwa. Hii ndiyo iliyotobolewa kweli kweli, mahandaki ya mviringo yanayokaribia paa la behewa. Pembeni yake ni Jubilee, ya kijivu, iliyoanza mwaka 1979. Mpango wa huku chini ni wa akili sana: treni za kwenda kusini za njia zote mbili zinasimama upande mmoja, za kaskazini upande mwingine, hivyo abiria anavuka kijia kifupi tu, bila kupanda ngazi. Niliwaona wakivuka bila kuinua macho kwenye simu. Kituo kina majukwaa 10, na hakuna kituo kingine cha treni za chini ya ardhi London chenye mengi kama hayo.

Vibao vya zambarau vilinirudisha juu, kwenye njia ya Metropolitan. Tawi hili la kwenda kaskazini lilianza mwaka 1868, likifika Swiss Cottage tu, kisha likarefushwa mwaka hadi mwaka mpaka vijijini, na nyumba zikaota pembeni mwa reli. Mtaa wa shangazi ni mmoja wa mitaa iliyozaliwa hivyo.

Treni ilipochomoza kwenye mwanga karibu na Finchley Road, nilifungua kiganja. Kilikuwa bado na vumbi jeusi la yale matofali.