Kuunda Ndege Mita Mia Tatu Kutoka Baharini

Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa hazijakatika, nilifungua kasha la mkia wa ndege yangu lililokuwa limekaa ukumbi wa nyuma wa nyumba yetu hapa Raskazone, Tanga, nikakuta bati la usukani wa mkia limetoka madoa ya unga mweupe, laini kama unga wa muhogo, yaliyofuata mikunjo ya karatasi ya kufungashia. Nilipoufuta unga ule kwa kidole nilihisi chini yake vishimo vidogo ambavyo ukucha ulivitambua kabla ya jicho. Bati lenyewe lina unene wa milimita 0.4 tu, kwa hiyo hakuna kishimo kinachoweza kuitwa kidogo. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, niliyeliacha kasha mahali pale kwa wiki saba, karatasi ikanyonya unyevu wenye chumvi na kuukandamiza juu ya alumini usiku na mchana. Nilikuwa sijatoboa hata tundu moja, na tayari nilikuwa na kipande cha kutupa.

Nimekuwa fundi mitambo katika viwanda vya mkonge kwa miaka 22, na leseni ya urubani nilikuwa nayo kabla ya kuwa na fedha za kununua chochote cha kurusha. Ndege niliyoichagua ni Zenith CH 701, ya viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, iliyobuniwa miaka ya 1980 na Chris Heintz, mhandisi ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa ndege ya abiria ya Concorde. Huuzwa Marekani ikiwa vipande ndani ya makasha, na mnunuzi huiunda mwenyewe nyumbani. Upana wake kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni mita 8.2, na mbele ya kila bawa kuna kibawa chembamba kisichosogea ambacho huulazimisha upepo kulishika bawa hata pale pua inapoinuliwa sana, ndiyo maana ndege hii huweza kupaa na kutua kwa mwendo mdogo kwenye kiwanja kifupi.

Wapo walionishauri nichukue ndege za kampuni ya Van's, nazo za kujiundia, ambazo huenda kasi zaidi na zina sura ya kupendeza, nami sina ugomvi nazo. Hata hivyo, mabati yake mengi ni ya mchanganyiko wa alumini unaoitwa 2024, wenye shaba inayokaribia asilimia 4. Shaba hiyo ndiyo huyapa nguvu, na hiyo hiyo ndiyo huyafanya yaliwe upesi na chumvi. Kiwandani huyafunika kwa utando wa alumini safi ili kuyakinga, lakini utando hukatika kila unapotoboa, na ndege ya bati ni kitu gani kama si matundu? CH 701 hutumia bati la 6061-T6, ambalo limechanganywa magnesi na silikoni. Nguvu yake ni pungufu kidogo, lakini huvumilia pwani. Tena ribiti zake, yaani vipini vya kuunganishia mabati, ni zile za kuvuta, ambazo mtu mmoja huzifunga peke yake, wakati ribiti za kugonga mara nyingi hudai mwenzako ashike chuma upande wa pili, na mimi msaidizi wa kudumu sikuwa naye.

Mjomba wangu alikuwa mwundaji wa mashua kule Sahare mpaka macho yalipomzuia. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alikuja akanikuta bandani na fremu ya bawa la kulia juu ya meza. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kulipapasa bawa kwa vidole kama anavyopapasa mbao. Taruma alizitambua mara moja, na kweli zile mbavu za bawa ni taruma tu, ila zimekunjwa kwa bati. Boriti kuu ya bawa akaiita mkuku, ule mti mkuu wa chini ya mashua, nami nikamwachia. Kisha akauliza, “Matundu yote haya unayapaka nini?”

“Hayapakwi kitu, Mjomba. Ribiti inalijaza tundu.”

“Inalijaza, lakini hailizibi. Sisi tukitoboa kwa keekee, msumari hauingii mtupu. Unafungwa uzi wa pamba uliolowa mafuta. Mbao haiozi katikati, mpwa wangu. Inaoza penye msumari.”

Usiku ule nilirudi kwenye maelekezo ya kiwanda na kukuta kuwa kupaka rangi ya kinga mahali mabati yanapokutana kumeachwa kwa hiari ya mwundaji, isipokuwa kwa wanaoishi karibu na bahari, ambao wanasisitiziwa wafanye hivyo. Nilikuwa nimeisoma sehemu ile miezi mitatu nyuma nikaipita kwa haraka ya kutaka kuanza. Sehemu za mkia nilizokwisha kuzifunga nilizifungua tena, ribiti moja baada ya nyingine, kwa kuiondoa kichwa kila moja na kuisukuma nje, kazi iliyonichukua mwezi mzima na kunifundisha kutukana kimoyomoyo.

Tangu hapo kila tundu lilipitia njia ndefu. Kwanza mabati mawili hutobolewa yakiwa yamebanwa pamoja kwa kleko, yaani vibanio vidogo vya springi vinavyoingizwa ndani ya tundu kwa koleo maalumu na kuyashika mabati yasicheze. Vyenye rangi ya shaba ni vya ribiti ya inchi 1/8, vyeusi ni vya inchi 5/32. Katikati ya tundu lazima pawe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya kipenyo chake, la sivyo ukingo utapasuka. Biti za kutobolea zilinisumbua. Ribiti ya inchi 1/8 hutaka tundu la milimita 3.3 hivi, na madukani mjini nilipata ya 3, ambayo ribiti haipiti, na ya 3.5, ambayo ribiti inacheza ndani yake, kwa hiyo biti ilibidi ziagizwe kutoka huko huko kwa wauzaji wa ndege.

Yakishatobolewa, mabati hufunguliwa tena, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Pembeni mwa kila tundu biti huacha vijino vya bati ambavyo jicho huvidharau, lakini vikiachwa huyazuia mabati yasikutane sawasawa na huwa ndio mwanzo wa ufa. Dawa yake ni biti nene zaidi iliyotiwa mpini wa mbao, unayoizungusha kwa vidole mara mbili, kwa uzito wa mkono tu. Mzunguko wa kwanza hukwaruza kwa sauti kavu, wa pili huteleza bila kusema kitu, nawe unajua pamekuwa safi. Ukiongeza wa tatu umeanza kulila bati. Nilifanya hivyo pande zote mbili za kila tundu, kwa maelfu ya matundu, nikaanza kuisikia sauti ile usingizini. Baada ya hapo bati husuguliwa, hufutwa mafuta, hupakwa praima ya epoksi, ndiyo ile rangi ya kinga, na ribiti huchovywa katika praima hiyo hiyo na kuvutwa ikiwa bado mbichi. Mdomo wa mashine ya kuvutia umechongwa shimo la mviringo, hivyo ribiti inayoingia ikiwa na kichwa bapa hutoka ikiwa na kichwa kilichobinuka kama kuba na kulikalia bati pande zote, na pembeni mwake hujitokeza utepe mwembamba wa praima, jambo linaloonyesha kwamba hakuna nafasi iliyobaki chini yake. Mjomba aliuona utepe ule akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwa muda nilisaidiwa na kijana mmoja seremala, mwenye mkono mtulivu kuliko wangu. Siku yake ya kwanza aliitoa penseli sikioni na kupiga mstari mrefu juu ya bati la bawa, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

“Kwani nimeharibu, mzee?”

Alikuwa hajaharibu, maana tuliufuta papo hapo kwa spiriti, lakini ilinibidi nimweleze kwamba risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni ikikaa juu ya alumini penye unyevu hufanya kazi kama betri ndogo inayolila bati kwa kuufuata mstari ule ule uliouchora. Tuliandika kwa kalamu za wino tangu siku hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo nilipiga marufuku sufu ya chuma bandani, kwa kuwa huacha chembe ndani ya alumini ambazo hushika kutu baadaye.

Kupaka rangi kulifuata pepo. Kusi likivuma, hewa inayoingia Raskazone imebeba bahari, na bati lililosafishwa asubuhi ukiligusa alasiri unakuta limekuwa na utelezi wa chumvi. Nilizoea kusafisha na kupaka siku hiyo hiyo, saa za asubuhi wakati umande, ule upepo wa kutoka bara, haujaisha, na vipande vikubwa kabisa nilivingojeza hadi Kaskazi.

Mambo ya ndani, yaani mafuta, umeme na injini, watu huyaogopa zaidi, ingawa kwangu yalikuwa mapumziko. Injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 80, ya silinda nne zilizolala, vichwa vyake vikipozwa kwa maji na silinda zenyewe kwa hewa, ikiwa na kabureta mbili na mifumo miwili ya kuwashia inayojitegemea. Ipo ya nguvu farasi 100, lakini hiyo hudai petroli ya okteni 95, wakati ya 80 huridhika na 90, nami sikutaka kumtilia shaka kila mwenye kituo cha mafuta. Waya nilinunua zile ambazo nyuzi zake za shaba zimepakwa madini ya bati (stani), kwa sababu shaba tupu ya dukani hugeuka kijani ndani ya ganda lake bila wewe kujua, na ncha zote nilizibana kwa koleo badala ya kuzichoma risasi, maana mahali palipochomwa huwa pagumu na mtetemo hukata waya hapo hapo.

Jaribio la mafuta nitalieleza, kwa sababu halihitaji chombo chochote ambacho hakipo nyumbani. Injini ile ikivuta kwa nguvu zote za kupaa hunywa lita 24 hivi kwa saa, na mafuta yanayoshuka kwa uzito wake yanatakiwa kufika angalau mara moja na nusu ya kiasi hicho, ndege ikiwa imeinua pua kama inayopanda. Tuliinua gurudumu la mbele juu ya matofali, mkia ukashuka karibu na sakafu, nikachomoa mpira wa mafuta penye kabureta na kuutia ndani ya ndoo ya lita 10, huku kijana akishika saa. Mara ya kwanza ndoo ilijaa kwa dakika 21, yaani chini ya lita 29 kwa saa, na hizo hazitoshi. Tulitafuta saa nzima kabla ya kugundua kwamba mfuniko mpya wa tangi la kushoto niliupaka praima nikaliziba tundu lake la hewa. Nilikuwa nimeanza kupaka kila kitu. Lilipozibuliwa, ndoo ilijaa kwa dakika 12.

Daftari la kazi limefika la nne, pamoja na picha za kila chumba cha bawa kabla hakijafungwa, kwa kuwa mkaguzi hana namna ya kuona ndani ya bawa lililokwisha kupigwa ribiti. Namba yake, ikipatikana, itaanza na 5H kama ndege zote za Tanzania.

Mwezi uliopita tulihamisha mabawa na kiwiliwili kwa lori hadi ghala moja Pongwe, mbali kidogo na bahari, tukaiunganisha na kuipima. Mizani mitatu tuliazima kwa mfanyabiashara wa nazi, ambaye hakuamini tunachokwenda kupima hadi alipokuja mwenyewe. Kila gurudumu liliwekwa juu ya mzani wake, kiwiliwili kikasawazishwa kwa pima maji, nikajumlisha: kilo 281. Kiwanda hutaja 263. Baadhi ya kilo hizo 18 ni redio na viti nilivyovinenepesha, lakini nyingine ni praima yenyewe, ambayo kila safari ndege itaibeba kama abiria asiyelipa nauli. Sijutii, ingawa ningeanza upya ningepaka mahali mabati yanapokutana tu na kuacha mengine.

Mjomba alitaka kujua hesabu ile ina maana gani. Nikamwambia ndege isizidi kilo 499 ikiruka, na matangi mawili yakijaa, lita 76, ni kilo 55, kwa hiyo zinabaki 163 za watu na mizigo. Akauliza mimi nina kilo ngapi. Nikasema 74. Akapanda juu ya mzani wa gurudumu la mbele, na kofia yake kichwani, akaniambia nimsomee. Ilikuwa 91.

“Tumezidi kilo mbili, Mjomba. Halafu majaribio ya mwanzo rubani huruka peke yake.”

“Hayo ya mwanzo ruka peke yako,” akasema, akishuka taratibu huku ameshika kiungo cha bawa. “Yangu mimi punguza mafuta. Kwani tunakwenda Pemba?”