Tunahesabu watalii kila siku, ila nani ameandika tukifika ngapi tunasimama?

Mwaka ukiisha tu utaziona posti za bodi za utalii kila kona, tumepokea wageni wengi kuliko mwaka jana, rekodi imevunjwa, grafu inapanda. Na dunia nzima ndo ilivyo, kwa 2024 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilihesabu karibu watalii bilioni 1.4 waliovuka mipaka, yaani tumerudi karibu kabisa pale tulipokuwa 2019 kabla ya korona. Mi namba hizo sizipingi, nyuma yake kuna ajira za watu na ada za shule za watoto wa watu. Kinachoniuma ni kwamba ukiuliza swali la pili tu, hao wageni walitumia maji kiasi gani, taka zao zilienda wapi, katika hela waliyolipa ni ngapi ilibaki kwa wenyeji, sehemu nyingi hupati jibu kwa sababu hakuna aliyepima.

Hilo taratibu linabadilika. Machi 2024 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa pamoja wa kupima uendelevu wa utalii, uchumi, mazingira na jamii vyote kwenye hesabu moja, na kabla ya hapo, tangu 2004, kulikuwa na mtandao wa vituo vya kufuatilia utalii ambao maeneo husika yanapima yenyewe mambo kama maji, nishati, taka, ajira na hata wenyeji wanaridhika kiasi gani. Hilo la mwisho nalipenda sana, kumuuliza mkazi kama bado anafurahia kuishi pale ni data pia, tena ya maana kuliko laiki elfu kumi.

Ila mimi nadhani tunakosea mahali pamoja pakubwa. Tunaamini ukishakuwa na data nyingi basi utalii utajirekebisha wenyewe, na haiwi hivyo. Data inasaidia pale tu ambapo watu wamekaa chini kabla ya msimu wakakubaliana na kuandika kwamba namba ikifika hapa tunafanya hivi, kwa hiyo siku namba inafika hakuna tena mjadala, hakuna kusukumana, hakuna mtu wa kupiga simu kuomba apitishiwe kundi lake.

Chukua Venice, ule mji wa Italia uliojengwa majini. Kwa teknolojia wale wako mbali sana, 2020 walifungua chumba cha uangalizi chenye kamera, vihisi na data za minara ya simu, wanaona saa hii mjini kuna watu wangapi, wangapi wamelala, wangapi wamekuja na kuondoka siku hiyohiyo. Halafu Aprili 2024 wakaanza kuwatoza hao wa kuja na kurudi euro 5 kwa siku zenye msongamano, unajisajili mtandaoni unapata msimbo wa QR unaonyesha ukiulizwa. 2025 wakaongeza siku, na anayechelewa kubuku akawa analipa euro 10. Kama chombo cha kupata data ni kizuri kweli, unajua mapema Jumamosi fulani wanakuja wangapi, unapanga usafi na vyombo vya usafiri wa majini. Lakini hakikuwekwa kikomo, yeyote anayelipa anaingia hata wakifika watu kiasi gani, na ndo maana wakazi wengi walilalamika kwamba mji wao umewekewa tiketi na msongamano haujapungua. Wanaiona namba saa ileile inapopanda na bado hakuna kinachotokea.

Sasa weka pembeni yake ufukwe wa Maya Bay kule Thailand. Pale kabla ya 2018 walikuwa wanafika watu mpaka elfu 5 kwa siku kwenye kipande kidogo cha mchanga, boti zinatia nanga juu ya matumbawe, matumbawe yakafa. Watafiti walipima, serikali ikafunga Juni 2018, na haikufungua mpaka Januari 2022. Papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi walirudi kwenye maji yale wakiwa wengi. Kufungua kwenyewe kukawa kwa masharti, boti zinatia nanga upande wa pili wa kisiwa, watu wanaingia mia chache kwa zamu ya saa moja, kuogelea kukazuiwa, na Agosti na Septemba panafungwa kila mwaka papumzike. Hakuna teknolojia ya kutisha hapo, kuna watu waliohesabu na kanuni iliyoambatana na hesabu, basi.

Machu Picchu, yale magofu ya kale kule Peru, nako kuna kikomo, kuanzia 2024 ni watu 4,500 kwa siku na siku chache maalum 5,600, tiketi ina saa yake na njia yake ya kupita. Ila pale kuna somo lingine ambalo watu wa teknolojia wanalipita haraka sana. Januari 2024 uuzaji wa tiketi ulihamishiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa kampuni binafsi, na wenyeji wakagoma, treni zikasimama, maduka yakafungwa, mpaka serikali ikakubali kuachana na mkataba ule. Kilichowakasirisha ni swali la nani anashika mlango na data yake, maana anayeshika mfumo wa tiketi ndiye anayejua nani anakuja, lini, na anaamua nani apate nafasi. Ukipeleka mfumo wa kidijitali kwenye jamii bila kuwaambia ukweli kuhusu hilo, hata uwe mzuri namna gani watauona kama wizi, na mi siwezi kuwalaumu.

Na hapo ndo tunafika kwenye majukwaa makubwa ya kubuku malazi. Kwa miaka mingi miji ilikuwa inajua hoteli zake lakini haijui nyumba ngapi za kawaida zimegeuzwa za wageni, data yote iko kwa Airbnb na wenzake, na kodi za nyumba zinapanda wapangaji wanahama hakuna anayeweza kuonyesha kwa namba nini kinatokea mtaa gani. Barcelona kule Hispania waliweza kutangaza 2024 kwamba leseni zote 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa ikifika Novemba 2028, uukubali uamuzi ule au uukatae, angalia tu kwamba namba ile inajulikana mpaka ya mwisho kwa sababu kila fleti ililazimika kuwa na leseni. Umoja wa Ulaya nao ulitunga sheria 2024, iliyopangwa kuanza kutumika Mei 2026, majukwaa yatakiwe kuonyesha namba ya usajili ya kila nyumba na kupeleka data kwa mamlaka mara kwa mara. Natamani kila nchi inayotegemea utalii iisome sheria hiyo, kwa sababu bila data hizo mji unapanga maji, umeme na takataka za watu usiowaona.

Kuna upande mwingine ambao ni wa sisi wenye simu. Picha moja yenye lokesheni kamili inaweza kujaza njia ya mlimani iliyokuwa inapita watu wachache kwa siku, na njia haina choo, haina mlinzi, haina hata pa kupishana. Bodi ya utalii ya Jackson Hole kule Wyoming 2018 iliwaomba watu waache kutagi sehemu kamili, wataje eneo kwa ujumla tu. Kwa wanyama ni zaidi, picha ya faru yenye lokesheni ndani yake ni ramani ya jangili, kwa hiyo ukiwa hifadhini zima lokesheni ya kamera kabla hujapiga, na usiposti ukiwa bado uko palepale. Apu ya iNaturalist, ambayo watu wanapakia picha za viumbe wanavyoviona, imelijengea hili ndani yake, spishi zilizo hatarini alama yake kwenye ramani inasogezwa kiholela ndani ya eneo la kilomita nyingi, mtafiti anayeaminiwa anapewa pointi halisi na wengine hapana. Yaani wakati mwingine kutumia data vizuri ni kuificha, na hili silioni likisemwa vya kutosha kwenye makongamano ya utalii wa kidijitali ambako kila mtu anahubiri kuweka kila kitu wazi.

Beji za kijani nazo ziangalieni vizuri. Booking.com, mtandao wa kubuku hoteli, walikuwa na beji yao ya malazi endelevu tangu 2021, na Machi 2024 wakaiondoa baada ya mamlaka ya ushindani na walaji ya Uholanzi kusema inaweza kumpotosha mteja. Msafiri akiona jani la kijani anaamini kila kitu kiko sawa, wakati jani halimwambii hoteli inatumia lita ngapi za maji kwa mgeni mmoja. Mi ningefurahi zaidi kuona hiyo lita yenyewe kwenye ukurasa wa kubuku, hata kama ni mbaya, tulinganishe wenyewe.

Wanaoniandikia wakiwa na kambi ndogo au kikundi cha kijiji huwa wanauliza waanze na apu gani. Anzeni na daftari au laha ya kwenye simu, hiyo inatosha kabisa. Kila siku andikeni wageni wangapi, wamelala usiku ngapi, maji yaliyotumika, mifuko ya taka iliyotoka, waongozaji wa hapahapa waliolipwa na kiasi gani, na kila mwezi mtu apige picha njia ileile kutoka sehemu ileile ili upana wake uonekane unavyoongezeka. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na kitu ambacho serikali nyingi hazina. Halafu itisheni kikao na wanakijiji wote, wanaofanya utalii na wasiofanya, mkubaliane namba tatu nne tu, kisima kikishuka mpaka hapa tunapunguza vitanda, njia ikifika upana huu tunaifunga tuifungue nyingine, na muandike nani mwenye mamlaka ya kufunga siku hiyo bila kumuomba mtu ruhusa. Ziwekeni namba hizo hadharani kwenye ukurasa wenu wa kubuku pia, mgeni azione kabla hajalipa, ajue kwamba tarehe anayoitaka inaweza kukosekana hata kama kitanda kipo.