Kumbukumbu ya mradi: vijiti vya chelewa kwa hesabu za Darasa la Pili, Mikindani

Lengo: watoto 72 wafanye hesabu za mamia, makumi na mamoja kwa mikono, ndani ya kipindi cha dakika 30, bila kijiti hata kimoja kupotea. Hilo la mwisho ndilo gumu. Zana za kuhesabia hazipotei wakati wa somo, zinapotea kwenye kugawa na kukusanya. Ndiyo maana mpango mzima umeanzia kwenye kukusanya.

Vijiti: tayari

Vikundi ni 12 vya watoto sita sita. Kila kikundi kina vijiti 120 vya sentimita 10, jumla 1,440. Chelewa moja, yaani uti mgumu wa katikati ya jani la mnazi, hutoa vijiti vinne vizuri. Kipande cha kileleni ni chembamba mno, kitupwe. Hivyo zinatakiwa chelewa 360, na makuti mawili makubwa yanatosha. Kuti liwe bichi. Lililoanguka na kulala chini muda mrefu, chelewa zake hukatika zikikunjwa kidogo tu. Zikishachunwa zifungwe pamoja zikauke kivulini wiki moja. Juani hujipinda, na kijiti kilichopinda hakikai kwenye fungu la vijiti kumi. Ncha zisuguliwe kwa msasa au kwenye sakafu ya saruji, maana chelewa iliyokatwa kwa kisu inachoma.

Korosho ghafi hazitumiki, ingawa msimu ukifika watoto huja nazo mifukoni. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto hujifikicha macho kwa mkono uleule. Vifuniko vya soda ni salama, lakini havifungiki kumi kumi, na kule kufunga ndiko kunakofundisha.

Mipira na mikeka: tayari

Tyubu moja kuukuu ya baiskeli inakatwa pete za upana wa milimita 4, pete 12 kwa kila kikundi, na nyingine zinabaki za akiba. Pete huzungushwa mara mbili kwenye fungu. Mkeka ni karatasi ya mfuko wa saruji, iliyokung'utwa vizuri na kupigwa safu tatu: mamia, makumi, mamoja. Sharti ni moja: safu haibebi zaidi ya 9.

Darasani: inaendelea

Tumeanza na 43 − 17. Bila vijiti, wengi huandika 34, kwa sababu hutoa namba ndogo kwenye kubwa popote ilipo. Kwenye mkeka hilo haliwezekani: mamoja yapo 3, yanatakiwa 7, kwa hiyo fungu moja lifunguliwe. Yanabaki mafungu 3 na vijiti 13, kwa muda tu, mpaka kutoa kuishe. Toa 7, toa fungu 1, jibu ni 26. Anayefungua fungu avae ile pete kwenye vidole viwili, la sivyo itaokotwa chini ya dawati baada ya kipindi, au isionekane kabisa.

Dakika tano kabla ya kengele mwalimu hupiga makofi matatu na kusema, "Fungeni!" Kila kikundi hufunga vijiti vyote kumi kumi, na kiongozi huinua mafungu 12. Mwenye mafungu 11 na vijiti 8 anajua papo hapo kwamba viwili havipo, vitafutwe kabla mtu hajasimama. Ncha za vijiti zimepakwa rangi, kila kikundi rangi moja, na rangi zote ni nne tu. Inatosha vikundi jirani visifanane.

Kosa linalofuata kushughulikiwa ni la "mia tatu na saba" kuandikwa 3007. Safu ya makumi ikiwa tupu, watoto wataweka kifuniko kimoja cha soda, na kila kifuniko kitaandikwa 0.

Bado

Fungu la mia halitoshi kwenye pete ya baiskeli, hivyo litafungwa kwa utepe wa kanga kuukuu. Kikundi kimoja kina mia moja tu, kwa hiyo 307 itajengwa na vikundi vitatu vilivyo karibu. Mafungu ya mia hayatafunguliwa wakati wa zoezi hilo. Yatarudishwa kila moja kwao kwa kuangalia rangi.