Walivyozima Moto Bila Maji Wilayani Kongwa

Nilitaka kwenda Dodoma kwa treni ya umeme, lakini tiketi za Ijumaa zilikuwa zimekwisha mapema. Nikaangukia basi. Sh35,000, kiti cha nyuma kabisa juu ya injini, dirisha halifunguki, na kile kiyoyozi walichokinadi stendi hakikutoa hata pumzi. Gairo tukashushwa kula: chipsi kavu na kipande cha kuku, Sh8,000. Kwa hela hiyo kwetu Tanga unakula wali wa nazi na samaki, na chenji unarudishiwa.

Tulikuwa tumeshaingia Wilaya ya Kongwa rejeta ilipopasuka. Basi likafia pembeni mwa mji mdogo wa njiani, maduka mstari mmoja, mashine za kukamulia alizeti nyuma yake, na vumbi. Kondakta akasema nusu saa. Abiria wazoefu walishuka na khanga zao wakatandika chini ya mbuyu, nikajua hiyo nusu saa ni ya namna gani.

Ilikuwa Agosti. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wake wa miezi hiyo, unavuma mchana kutwa na kila kitu kimekauka, kwa sababu mvua ikikatika Aprili au Mei ndiyo basi mpaka Desemba. Nilikuwa najifunika uso na mtandio niliposikia chuma kinagongwa. Rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti, kijana anaipiga kwa nondo, mapigo ya haraka yasiyo na mapumziko. Abiria tukadhani ni kengele ya shule. Wenyeji hawakudhani. Fundi cherehani aliacha suruali ya mteja kwenye sindano. Bodaboda waliokuwa wanatuzonga wakatoweka wote kwa pamoja. Mama aliyekuwa akiniuzia chai akafunika sufuria, akamwaga mchanga kwenye jiko lake mwenyewe, akachukua koleo lililokuwa nyuma ya mlango na kuondoka bila kudai hela yake.

Nilimfuata. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ghala la mashudu.

Kwa msomaji wa pwani, mashudu ni makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta. Wanayauza kwa chakula cha mifugo. Yanatoka mashineni yakiwa ya moto na yana mafuta bado, na ukiyafunga kwenye viroba kabla hayajapoa, ukavipanga mpaka darini bila nafasi ya hewa kupita, joto linajikusanya katikati. Mafuta yale yaliyobaki yakikutana na hewa yanaongeza joto jingine. Rundo linaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa huku tumboni linaungua. Hakuna aliyewasha kiberiti. Haya yote nilielezwa baadaye. Wakati ule niliona moshi mzito wa njano na watu wapatao thelathini wakikimbilia, na kilichonishtua ni kwamba hakuna hata mmoja aliyebeba maji.

Yule mama wa chai ndiye aliyekuwa kiongozi. Hakupiga kelele. Alimtuma kijana mmoja akazime umeme kwenye meni swichi, mwingine akapiga simu 114, kisha akazuia mlango mkubwa usifunguliwe. "Ukifungua hapo na upepo huu unaulisha," alimwambia mwenye ghala, aliyekuwa analia na kutaka kuingia kuokoa mzigo. "Baba, kaa hapa. Mzigo utatoka, lakini kwa mlango wa nyuma." Wakatoboa nyuma, upande ambao upepo haukuingia. Wanaume wakajifunga vitambaa vilivyolowa puani, wakawa wanaingia wawiliwawili na kutoka, hakuna anayekaa ndani zaidi ya viroba vitatu. Kila kiroba kikitoka kinachanwa na kumwagwa chini, kinasambazwa kwa reki mpaka kiwe chembamba, halafu wenye makoleo wanakifukia kwa udongo mwekundu. Vilivyokuwa vimeungua katikati vilipochanwa vilitoa cheche, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kulikuwa na watoto wakubwa wamesimama upande unakoelekea upepo, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Cheche ikiruka kuelekea kwenye rundo la pumba au zizi la miiba, inapigwa hapohapo.

Ndoo za maji zilikuja baadaye, chache, za kulowesha magunia na kunywesha watu. Nilimuuliza mama wakati anapumua kwa nini wasimwagie. Akanijibu kama mtu anayemfundisha mtoto: maji ya hapa yananunuliwa, na hata yangekuwa bure, kwenye rundo la mashudu yanalowesha ngozi tu. "Ndani unaendelea. Usiku mmelala unatoka tena." Dawa yake ni kulivunja rundo.

Gari la zimamoto lilifika kutoka mbali, na askari wake hawakukuta moto wa kupambana nao. Walichokifanya kilinifurahisha: walichukua fito ya chuma, wakaichoma ndani ya viroba vilivyobaki kimoja baada ya kingine, wanaitoa na kuipima kwa mkono kama ina joto. Vinne vikaonekana bado, vikatolewa. Kisha wakapoza kuta kwa maji na kumpa yule mama mkono, yeye kwanza kabla ya mwenyekiti wa kijiji. Ukuta mmoja ulipasuka na sehemu ya mzigo iliungua. Hakuna mtu aliyeumia.

Basi lilikuwa bado. Fundi alikuwa amelala chini yake na kondakta sasa anasema saa moja. Nikaenda kukaa na mzee aliyekuwa akizikagua ndoo nyekundu zilizopangwa barazani mwa ofisi ya kijiji. "Mbukwenyi," akatusalimu wote. Nikamwamkia, akaitika marahaba na kunisogezea kigoda. Ndiye aliyeanzisha kazi hii.

Ujanani alikuwa kibarua wa reli, stesheni ya Gulwe, kwenye hii Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Pale stesheni kulikuwa na ndoo nyekundu zimetundikwa ukutani, zimejaa mchanga, na ilikuwa kazi yake kuugeuza usigande. Aliona upuuzi mpaka siku taa ya mafuta ilipoanguka stoo. Aliporudi nyumbani, mji ulikuwa unakua kando ya barabara. Zamani, alisema, watu wa hapa hawakuwa na hofu kubwa ya moto wa nyumba. Tembe la Kigogo paa lake ni udongo, haliwaki kirahisi. Moto waliouogopa ni wa nyikani, wa wachoma mkaa na warina asali. Sasa kuna mbao, mapazia, magodoro, mitungi ya gesi, petroli kwenye chupa. Vibanda vya soko vilipoungua usiku mmoja, akatundika ndoo nne kwa hela yake. Watu walimcheka, kisha wakaanza kuja mmojammoja kumuuliza.

Wazima moto hawa hawalipwi. Kila mmoja anachanga Sh1,000 kwa mwezi, na anayekutwa ametumia ndoo nyekundu kuchanganyia saruji anatozwa faini na kutangazwa kwenye mkutano. Baada ya mvua wanafyeka majani kuzunguka maghala, mkanda mpana ambao moto wa nyika hauwezi kuuruka. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waliwahi kuja kuwafundisha: moto wa mafuta ya kupikia usimwagiwe maji, mtungi wa gesi unaowaka unafungwa kwenye valvu kama mkono unafika, aliyeshikwa na umeme haguswi. Mzee anakumbuka enzi magari ya zimamoto yalipokuwa mali ya halmashauri, kila mji na lake au hauna, kabla ya sheria ya 2007 kuyakusanya chini ya jeshi moja. Anaona ni afadhali sasa. Ila barabara, alisema, haifupishwi na sheria.

Kitu kimoja alikizungumza kwa sauti nyingine. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hiihii. Watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na waliokufa walipita 100. Tangu hapo lori la mafuta likianguka karibu nao, kazi yao ya kwanza si moto. Wanafunga kamba barabarani pande zote mbili na kuwazuia majirani zao wenyewe, wenye madebe, wanaowatukana. Yule mama wa chai aliwahi kupigwa jiwe na mtoto wa dada yake.

Niliwaza nyumbani sana pale. Mtaani kwetu maji ya bomba yapo, bahari tunaisikia, na makuti bado yapo kwenye vibanda vya uani. Mwaka jana kuliungua. Nilikuwepo. Watu walitoa magodoro barabarani yakaziba njia, vijana wakainua simu kupiga picha, na hakuna aliyejua swichi kuu ya nyumba ile iko wapi, hata mpangaji wake. Hatukuwa watu wabaya. Hatukuwahi kukaa chini siku moja tukaulizana nani atafanya nini.

Rejeta ilizibwa jioni. Ndani ya basi, dada mmoja wa Singida akapitisha kofia ya kuwachangia bila kuombwa, na hata kondakta akatia. Dodoma nilifanya kilichonipeleka, nikalala kwenye chumba cha Sh25,000 kisichokuwa na maji, kisha nikaenda kununua mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 6. Duka la kwanza Sh85,000, la pili Sh70,000 kwa mtungi uleule. Nikakagua mshale uko kwenye kijani, nikaupakia kwenye basi linalorudi Morogoro, ushushwe kwa mama wa chai.

Mama wa chai alinipigia kesho yake. Alishukuru, akauliza kama lakiri ilikuwa imekatika njiani au dukani, kisha akaniambia ukweli: unga wa mtungi kama ule unaisha ndani ya sekunde chache, mzuri kwa jiko na kwa pikipiki. Tukichanga tena, tuwatumie makoleo, yenye mpini wa mti, maana ya chuma kitupu yanaunguza mikono.