Siku moja maishani mwangu: msambu wangu ni dume

Saa 11 alfajiri. Ukungu wa huku Amani, milimani Usambara Mashariki, hauna adabu, unaingia mpaka jikoni. Chai ya tangawizi ya harakaharaka, kisha tenga kichwani, panga mkononi. Msimu wa msambu, mti wa msituni ambao mbegu zake hutoa mafuta, mvivu wa kuamka huokota maganda. Mbegu zimeshaondoka na panya buku.

Saa 12 na nusu. Tunda la msambu halichumwi. Mti mrefu kupita mnazi, nani apande? Unasubiri lianguke lenyewe, puu! Lina uzito wa kilo kadhaa, kwa hiyo upepo ukivuma sisimami chini. Leo nimepata 9. Nayarundika nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa majani ya mgomba yalainike.

Saa 3. Ya wiki iliyopita yameshalainika. Nayafinya kwa mikono, utelezi hadi viwikoni, nikitoa mbegu moja moja. Tunda kubwa limenipa 47. Nazisugua, nazianika. Nguo za kazi hii usizivae kanisani.

Saa 5. Kupalilia iliki chini ya msambu nilioupanda mwenyewe. Mbegu yake ilikaa ardhini zaidi ya mwaka bila kuota, mpaka mume wangu akapanda vitunguu juu yake. Ikaota katikati ya vitunguu! Nikautunza miaka kumi na zaidi, na ulipotoa maua nikakuta nyuzi za chavua tupu. Dume. Misambu ina dume na jike, na kabla ya maua huwezi kujua.

Baba mkwe hupita hapa kila siku na wimbo wake: "Mama, kata huo tupate mbao."

"Shikamoo baba. Nikiukata, iliki itaungua jua. Na yale majike ya bondeni nani atayapa chavua?"

Leo pia ameondoka akitikisa kichwa.

Saa 9 alasiri. Nabebesha miche: kikonyo cha jike linalozaa sana juu ya mche mchanga, nafunga kwa utepe wa nailoni. Nikibebesha sibahatishi jinsia, wala sisubiri miaka yote ile. Mingi inakauka, lakini wa kushika unashika.

Saa 12 jioni. Mnunuzi aliyeahidi kuja hajaja, kwa mara ya tatu. Basi mama mkwe anatwanga mbegu kavu, anachemsha, anaengua mafuta. Yakipoa yanaganda yenyewe, bila friji. Mwaka 2008 Ulaya iliruhusu mafuta haya yatiwe kwenye siagi ya kupaka mkate. Yeye alikuwa akiyakaangia mboga zamani, bila kibali cha mtu.

Saa 3 usiku. Nimelala, upepo umeanza. Puu! Moja. Puu! Mbili. Nahesabu gizani, na najua panya buku naye anahesabu.