Chai ya Wanavajo Haitaki Maziwa

Mara ya kwanza nilipoipika chai ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, niliiharibu. Nilikuwa nimenunua mafungu matatu kwenye gulio la Jumamosi mjini Gallup, New Mexico, kwa mama mmoja mtu mzima wa Kinavajo, na nilipofika nyumbani nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa Tanga angefanya akikabidhiwa majani ya chai: nikabandika sufuria, nikatia maziwa, tangawizi ya kuponda na sukari ya kutosha. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya tope na ladha ya tangawizi peke yake.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia yule mama, akacheka hadi akashika meza. Kisha akaniita shiyázhí, neno ambalo mama humwitia mwanawe, akaniambia nitie maji tu.

Fungu lenyewe ni la kupendeza kulitazama. Mabua yake ni membamba kama njiti za chelewa, yana majani machache yaliyo kama nyuzi na vijiua vya manjano vilivyokauka, nayo hukunjwa mara kadhaa yangali mabichi mpaka yakawa na urefu wa kidole, halafu yakafungwa kiunoni kwa uzi. Fungu moja hutumbukizwa zima zima katika maji yanayochemka, bila kufunguliwa. Baada ya dakika chache maji huwa ya manjano, na ukiyaacha yaendelee kutokota hugeuka mekundu kama shaba. Ladha yake ni ya majani makavu yenye utamu wa mbali, haina uchungu wala kafeini, kwa hiyo hata usiku wa manane mtu anaweza kuinywa akalala. Wapo wanaoinywa kwa ajili ya tumbo na figo. Mimi sikuinunua kama dawa, naipenda kwa ladha yake.

Wataalamu wa mimea huuita mmea huu Thelesperma megapotamicum, na Wahopi, majirani wa Wanavajo, nao huutumia. Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, huuita ch'il ahwéhé, yaani mmea wa kahawa. Jina hilo lilinishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu mmea huo ulikuwapo katika nchi yao kabla kahawa haijafika, nchi ya jangwa la nyanda za juu ambayo hata leo, kama eneo lao rasmi ndani ya Arizona, New Mexico na Utah, ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Kahawa ilizoeleka kwao kwa njia ya machungu. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wanavajo kwa miguu, zaidi ya kilomita 400, hadi kambi ya Bosque Redondo, mahali wanapopaita Hwéeldi, na huko wakawa wanapewa posho ya unga, nyama ya nguruwe na buni. Inasimuliwa kwamba watu wasioijua buni waliichemsha kama kunde, wakamwaga maji na kujaribu kuzitafuna punje. Waliruhusiwa kurudi kwao baada ya mkataba wa mwaka 1868. Sisi tuliopokea neno kahawa kutoka kwa Waarabu hatuna haki ya kumshangaa mtu aliyekopa jina, lakini kila nichemshapo fungu moja huwakumbuka wale waliozitafuna punje.

Wafumaji wao huchemsha mmea huohuo kuupaka rangi uzi wa sufu, ukatoka wa manjano au wa rangi ya chungwa. Wachumaji hukata bua na kuliacha shina ardhini ili lichipue tena, kama tukatavyo mchaichai uani. Siku hizi pia wanunuzi huuliza fungu limechumwa wapi, maana katika ardhi ya Wanavajo kuna migodi ya urani, madini yenye mionzi ya hatari, iliyotelekezwa zaidi ya 500, na hilo si swali la kumwonea mtu haya.

Mama yangu mzazi aliponitembelea mwaka jana nilimwandalia birika zima, nikamweleza habari zote hizi huku akipuliza kikombe. Alisikiliza kwa heshima, akanywa hadi nusu, kisha akaniuliza kama maziwa yamekwisha humu ndani.